T20 imetufungulia mlango, ila bila kriketi ndefu tutabaki barazani

MNAMO Oktoba 23, 2024, uwanja wa Ruaraka jijini Nairobi uliingia katika historia ya kriketi duniani, na Wakenya wengi hata hawakuwa na habari. Siku hiyo Zimbabwe iliizabua Gambia mikimbio 344 kwa kupoteza wiketi nne tu, yote hayo katika ova 20. Hakuna taifa lililokuwa limefikisha idadi hiyo katika mechi ya kimataifa ya T20. Sikandar Raza peke yake alipata mikimbio 133 kutokana na mipira 43, na hakutolewa. Mara 27 mpira ulivuka mpaka wa uwanja bila kugusa nyasi. Gambia waliposhika gongo, wote walitolewa wakiwa na 54.

Mchezo mzima uliisha kabla hujamaliza stori za mchana na mabeshte. Ukiwa shabiki wa siku hizi, utasema hiyo ndiyo burudani. Wazee waliolelewa klabuni nao watatikisa kichwa na kusema hiyo si kriketi, ni kugonga mipira ovyo. Kwao kriketi halisi ni ile ya Testi, inayochezwa siku tano, wachezaji wakiwa wamevalia meupe, na inaweza kuisha bila mshindi.

Ubishi huu umekuwepo kwa zaidi ya miaka 20. Wengi huuchukulia kama ugomvi wa kawaida wa vizazi: wazee wanapenda vya kale, vijana wanapenda vya haraka. Ukichimba kidogo utaona unahusu pesa, ratiba na nani anapewa nafasi ya kucheza. Na hapo Kenya inaguswa moja kwa moja.

Jina moja, michezo miwili

Kwa msee ambaye hajawahi kufuatilia, hesabu ni rahisi. Ova moja ni mipira sita. Katika T20 kila timu hupewa ova 20, yaani mipira 120, na mechi huchukua takriban saa tatu. Katika Testi hakuna kikomo cha ova kwa timu. Kila upande hupiga mara mbili, na kwa kawaida hupangwa ova 90 kwa siku. Timu inaweza kukaa uwanjani siku nzima, ikarudi kesho yake kuendelea.

Tofauti hiyo ya muda hubadilisha akili ya mchezaji. Kwenye T20, mpigaji anayeuacha mpira upite bila kuugusa anapoteza mali, maana mipira inahesabiwa. Kwenye Testi, kuuacha upite ni ujuzi. Anamchosha mrushaji, anangoja jua likaushe uwanja, anangoja mpira wenyewe uzeeke na kupoteza makali. Mrushaji naye ana saa nzima ya kumtega mpigaji mmoja: anamrushia mipira ya kutoka nje mara kumi, halafu wa kumi na moja unaingia ndani.

Testi ya kwanza ilichezwa Melbourne mnamo Machi 1877, Australia ikiilaza Uingereza kwa mikimbio 45. Kuna wakati mambo yalizidi hadi mechi zikachezwa bila kikomo cha siku. Ile ya Durban ya mwaka 1939, kati ya Afrika Kusini na Uingereza, ilianza Machi 3 na ikakatizwa Machi 14 bila mshindi, kwa sababu Waingereza walikuwa na meli ya kuwahi kurudi kwao. Kwa hivyo si vijana wa TikTok walioanza kulalamika kwamba mchezo huu ni mrefu.

T20 ilizaliwa Uingereza mwaka 2003. Wasimamizi wa kriketi huko waliona majukwaa ya mechi za kaunti yakibaki matupu, wakaamua kubuni mchezo ambao mtu anaweza kuutazama jioni baada ya kazi. Wengi waliuona kama mzaha. Hata mechi ya kwanza ya kimataifa ya wanaume, New Zealand dhidi ya Australia mjini Auckland, Februari 2005, baadhi ya wachezaji walivalia nguo za miaka ya themanini na nywele bandia. Mwaka 2007 India ikashinda Kombe la Dunia la kwanza la T20 kwa kuilaza Pakistan mikimbio mitano kwenye fainali jijini Johannesburg. Mzaha ukaishia hapo.

Pesa zilikohamia

Aprili 18, 2008, Ligi Kuu ya India, maarufu kama IPL, ilifunguliwa jijini Bangalore. Usiku huo Brendon McCullum wa New Zealand, akichezea Kolkata, alipata mikimbio 158 kutokana na mipira 73. Kuanzia hapo dunia ya kriketi haikurudi ilikokuwa.

Leo haki za matangazo ya IPL za miaka mitano, kuanzia 2023 hadi 2027, zimeuzwa kwa rupia bilioni 483.9, zaidi ya dola bilioni sita za Marekani. Ligi yenyewe huchezwa kwa takriban miezi miwili tu kwa mwaka. Katika mnada wa Novemba 2024, Rishabh Pant alinunuliwa na Lucknow kwa rupia milioni 270, zaidi ya Sh400 milioni kwa pesa zetu, kwa msimu mmoja.

Sasa jiweke katika nafasi ya mchezaji wa Caribbean au New Zealand. Bodi ya nchi yako haina hela za India. Inakutaka ukae ugenini wiki sita ucheze Testi tatu, huku ligi za Dubai, Afrika Kusini, Australia na Marekani zikikuita kwa mshahara mkubwa na kazi nyepesi. Mwili wa mwanamichezo una miaka kumi hivi ya biashara. Ungechagua nini?

Trent Boult, mmoja wa warushaji bora zaidi duniani, aliomba kuachiliwa kutoka kwa mkataba wa New Zealand mnamo Agosti 2022. Quinton de Kock wa Afrika Kusini aliaga Testi Desemba 2021 akiwa na miaka 29. Nicholas Pooran wa West Indies alistaafu kabisa kuichezea timu yake mnamo Juni 2025, pia akiwa na miaka 29, ilhali ligi za T20 bado zinamgombania. Kuwaita wasaliti ni rahisi kwa shabiki aliyekaa kwenye kochi. Hawa ni wafanyakazi, nao wanafuata mahali kazi inalipwa.

Kioja kikubwa zaidi kilitokea mwanzoni mwa 2024. Afrika Kusini ilikuwa na Testi mbili New Zealand, lakini tarehe ziligongana na ligi yake yenyewe ya T20. Nyota walibaki nyumbani kucheza ligi. Timu iliyopanda ndege ilikuwa na wachezaji saba ambao hawakuwa wamewahi kucheza Testi, na nahodha wao, Neil Brand, alikuwa mmoja wa hao saba. New Zealand ilishinda zote mbili, na hiyo ikawa mara yake ya kwanza katika historia kuishinda Afrika Kusini katika mfululizo wa Testi.

Hapa ndipo watu hukosea wanaposema T20 ndiyo inayoua Testi. Mashabiki wa India, Uingereza na Australia bado wanaona Testi tano mfululizo nchi hizo zinapokutana, tena viwanjani watu wamejaa. Nchi nyingine hupewa mbili, mbili. Testi haifi kila mahali. Inafia kwa maskini. T20 imeongeza kasi tu, maana pesa zake nyingi huishia mikononi mwa wale wale waliokuwa nazo tangu mwanzo.

Mbona basi ndefu haijazikwa?

Ukiangalia matukio ya karibuni, utashangaa kuona kwamba baadhi ya sinema kali zaidi za michezo zimetoka kwenye Testi.

Januari 2024, uwanjani Gabba, Brisbane, kijana Shamar Joseph wa West Indies alikuwa akicheza Testi yake ya pili tu. Anatoka kijiji cha Baracara nchini Guyana na aliwahi kufanya kazi ya ulinzi. Siku iliyotangulia alikuwa ameumizwa kidole cha mguu na mpira wa Mitchell Starc. Alirudi hivyo hivyo, akaangusha wiketi saba, na West Indies ikaishinda Australia kwa mikimbio minane. Mara ya mwisho West Indies kushinda Testi nchini Australia ilikuwa 1997.

Agosti 4, 2025, uwanja wa Oval jijini London, Uingereza ilihitaji mikimbio michache siku ya tano. Chris Woakes aliingia uwanjani mkono mmoja ukiwa umefungwa kwenye bendeji shingoni, ameshika gongo kwa mkono mwingine. Mohammed Siraj alimaliza kazi, India ikashinda kwa mikimbio sita, na mfululizo wa mechi tano ukaisha 2-2. Siku 25 za mchezo zikaamuliwa kwa tofauti ndogo kama hiyo.

Na ile Afrika Kusini iliyotuma kikosi cha wageni New Zealand? Juni 2025, ikiwa na nyota wake chini ya nahodha Temba Bavuma, iliichapa Australia kwa wiketi tano uwanjani Lord's na kutwaa ubingwa wa dunia wa Testi. Aiden Markram alipata 136. Bavuma alipiga 66 huku akichechemea kwa maumivu ya paja. Hadithi kama hizo zinahitaji muda. Huwezi kuchechemea kishujaa kwa dakika tisa.

Zaidi ya hayo, mchezo mfupi umeufunza ule mrefu mambo. McCullum yule yule aliyeifungua IPL aliteuliwa kocha wa timu ya Testi ya Uingereza mwaka 2022. Desemba mwaka huo, mjini Rawalpindi, vijana wake walipata mikimbio 506 kwa wiketi nne katika siku ya kwanza pekee dhidi ya Pakistan. Wazee walishangaa, vijana wakafungua runinga. Kwa hivyo si kweli kwamba michezo hii miwili ni maadui wa damu.

Na sisi je?

Kenya ina kidonda chake hapa. Februari 29, 1996, mjini Pune nchini India, Kenya chini ya Maurice Odumbe iliiangusha West Indies kwa mikimbio 73, baada ya kuwatoa wote wakiwa na 93. Mwaka 1997 tulifika fainali ya kombe la mataifa yasiyocheza Testi mjini Kuala Lumpur. Steve Tikolo alipata 147, lakini Bangladesh wakashinda kwenye mpira wa mwisho kabisa. Miaka mitatu baadaye Bangladesh walipewa hadhi ya Testi. Sisi hatujawahi kupewa mpaka leo.

Mwaka 2003 tukafika nusu-fainali ya Kombe la Dunia la ova 50. Ndiyo, New Zealand walikataa kuja Nairobi na tukapewa alama za bure. Lakini Sri Lanka walikuja, na Collins Obuya akawaangushia wiketi tano hapa hapa nyumbani. Zimbabwe na Bangladesh pia walilala. India ndiyo iliyotusimamisha, mjini Durban.

Kilichofuata kinajulikana: mivutano ya viongozi, migomo ya wachezaji kuhusu malipo, klabu kudhoofika. Mwaka 2007 tulikuwa kwenye Kombe la Dunia la kwanza la T20, ambapo New Zealand walitutoa tukiwa na 73 na Sri Lanka wakatupiga 260. Hatujarudi huko tena. Januari 2014 tukapoteza hata hadhi ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za ova 50.

Kwa hivyo kijana wa Kenya akiambiwa achague kati ya T20 na Testi, ni kama kuulizwa kama utapanda ndege ama matatu wakati mfukoni una nauli ya matatu. T20 ndiyo pekee iliyo wazi kwetu. Tangu Januari 2019 mechi yoyote ya T20 kati ya timu za wanaume za mataifa wanachama huhesabiwa kuwa ya kimataifa. Kwa wanawake utaratibu huo ulianza Julai 2018. Ndiyo maana rekodi ya dunia iliweza kuvunjwa Ruaraka. Kombe la Dunia la 2024 lilikuwa na timu 20, na Marekani ikaiangusha Pakistan. Olimpiki ya Los Angeles 2028 pia itakuwa na T20, kriketi ikirejea baada ya kukosekana tangu Paris 1900, ingawa ni kwa timu sita tu za wanaume na sita za wanawake.

Majirani zetu Uganda waliitumia nafasi hiyo. Walifuzu kwa Kombe la Dunia la 2024 baada ya kuishinda Zimbabwe mjini Windhoek, na kule Guyana wakashinda mechi yao ya kwanza, dhidi ya Papua New Guinea. Sisi tulijaribu tena Harare mwaka 2025, tukafika nusu-fainali ya mchujo wa Afrika, tukazuiwa na Zimbabwe. Tiketi mbili zikaenda kwa Zimbabwe na Namibia.

Ushindi wa Uganda ulipatikanaje? Watu husahau. Frank Nsubuga, akiwa na miaka 43, alirusha ova zake nne na kutoa mikimbio minne tu. Papua New Guinea wakatolewa kwa 77. Uganda nao wakaanza kuyumba, mpaka Riazat Ali Shah akakaa pale katikati na kupata 33 kwa mipira 56. Kwa vigezo vya T20 huo ni mwendo wa kobe, lakini ndio ulioipa nchi nzima ushindi. Siku chache baadaye, dhidi ya West Indies, hakuna aliyeweza kukaa, na Uganda wote wakatolewa kwa 39. Ule utulivu uliowapa ushindi ndio hufunzwa na mchezo mrefu.

Kuna ushahidi mwingine. Kati ya 2004 na 2017 kulikuwa na mashindano ya mechi za siku tatu au nne kwa mataifa yasiyocheza Testi. Ireland ilishinda mara nne na Afghanistan mara mbili. Juni 2017, ni mataifa yapi mawili yaliyopewa hadhi ya Testi? Hayo hayo. Na Afghanistan hiyo ndiyo iliyofika nusu-fainali ya Kombe la Dunia la T20 mwaka 2024. Kenya tulikuwa kwenye mashindano hayo. Mwaka 2005 tulifika fainali, tukashindwa na Ireland mjini Windhoek. Wakati huo tulikuwa ngazi moja nao. Wao walizidi kupanda, sisi tukaanza kushuka. Mashindano yenyewe yalifutwa, na leo taifa kama letu halina mahali pa kimataifa pa kucheza kriketi ya zaidi ya siku moja.

Tujifunze kwa raga

Wakenya tumeshaona filamu hii. Katika raga ya wachezaji saba, Shujaa walishangaza dunia Aprili 2016 kwa kuilaza Fiji 30-7 kwenye fainali ya Singapore. Nchi nzima iliimba. Lakini timu yetu ya wachezaji 15, Simbas, haijawahi kufika Kombe la Dunia. Saba ilitupa jina. Haikutupa mizizi, kwa sababu tulidhani jina linatosha. Kriketi ikikimbilia T20 tu, itapita njia hiyo hiyo, tena bila hata kombe la Singapore la kujivunia.

Najua pingamizi litakalokuja. Nani ana siku nne za kucheza bure? Mwanafunzi ana masomo, kijana wa mtaani ana hasla, uwanja unalipiwa. Ni kweli tupu, na ndiyo sababu kuitaka Kenya ikimbizane na hadhi ya Testi leo ni ndoto za alinacha. Hata West Indies, mabingwa wa zamani, walitolewa kwa mikimbio 27 na Australia mjini Kingston, Julai 2025. Hadhi peke yake hailishi mtu.

Lakini kati ya saa tatu na siku tano kuna nafasi kubwa. Mechi ya siku mbili, Jumamosi na Jumapili, kila timu ikipiga mara moja bila haraka, inawezekana kwa klabu za Nairobi na Mombasa. Mashindano ya shule wakati wa likizo yanaweza kutenga mechi ambazo mpigaji hatukanwi kwa kuuacha mpira upite. Pesa chache zinazoletwa na T20, kutoka kwa wadhamini au baraza la kimataifa, zinaweza kutengewa sehemu maalumu ya kufunza watoto wa miaka 13 hadi 17 mchezo mrefu, kabla hawajazoea kugonga kila kitu.

Maafisa wanaosimamia mchezo huu wanapaswa kuulizwa waziwazi: chipukizi wa Kenya anacheza mechi ngapi kwa mwaka zinazozidi saa tatu? Jibu likiwa sufuri, basi hatuandai wachezaji, tunaandaa wageni wa mialiko ya wengine.

Nawe msomaji, usiione aibu kuipenda T20. Itazame, ishangilie, nenda Ruaraka ukajionee. Ila ukimwona kijana kwenye timu ya shule yenu amekaa uwanjani saa mbili ana mikimbio 20 pekee, usimzomee. Siku timu yetu itakapokuwa imepoteza wiketi nne mapema mbele ya Zimbabwe au Namibia, huyo ndiye tutakayemhitaji.